Diski ya nje isiyopiga kelele kwa nakala za nyumbani: ipi inunuliwe?

Swali: "Mtaalamu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Tanga mjini. Picha na video za watoto, pamoja na vyeti na nyaraka zetu nilizozipiga skani, zimefikia gigabaiti 700 hivi, na zote ziko kwenye kompyuta mpakato moja yenye Windows na kwenye simu mbili. Nataka diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Meza yangu ya kazi iko chumba kile kile tunacholala na mtoto mchanga, na diski ya mezani niliyoazima kwa kaka yangu ilikuwa ikivuma usiku hadi nikaizima. Fedha niliyo nayo si nyingi. Nimeoneshwa diski tatu: ya mezani ya terabaiti 4, ndogo ya mkononi ya terabaiti 2, na SSD ya terabaiti 16 inayouzwa mtandaoni kwa bei ya chini kuliko zote. Ninunue ipi?"

Jibu: Dada yangu, nunua ile ndogo ya terabaiti 2, na ile SSD ya terabaiti 16 (SSD ni diski inayohifadhi data kwenye chipu, bila kitu kinachozunguka) usiiguse hata ukipunguziwa bei kwa nusu. Diski ya mezani si mbaya, ila haiufai chumba chako wala hali ya umeme wa majumbani kwetu. Sababu nitazieleza kwa kirefu, hasa zile za kelele, kwa kuwa hilo ndilo linalokunyima usingizi na ndilo wauzaji wengi hawawezi kukujibu.

Diski ya kawaida, yaani ile isiyo SSD, ina sahani za duara zinazozungushwa na mota, na juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia kinachoelea juu ya hewa kwa umbali usiofika nanomita 10. Kelele yake ni ya aina mbili. Ya kwanza ni mvumo usiokatika wa mota na sahani, na ya pili ni migoto midogo midogo ya mkono unaobeba vichwa kila unaporuka kutoka sehemu moja ya sahani kwenda nyingine. Diski ya mezani, ambayo ni ya inchi 3.5, ina sahani za kipenyo cha milimita 95 hivi, na nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, sawa na mara 120 kila sekunde. Diski ndogo ya mkononi, ambayo ni ya inchi 2.5, ina sahani za milimita 65 hivi, kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na mota yake ni ndogo kiasi kwamba umeme wa tundu la USB unatosha kuiendesha. Kwa vipimo vya watengenezaji wenyewe, diski ndogo iliyotulia hutoa desibeli 20 na kitu, ilhali ya mezani yenye mwendo wa 7,200 hukaribia 30 au huzidi. Tofauti hiyo usiione ndogo, kwa maana kila desibeli 10 zinapoongezeka sikio husikia kana kwamba sauti imekuwa maradufu. Chumba cha kulala kilichotulia usiku huwa na desibeli 30 hivi, kwa hiyo diski ndogo humezwa na utulivu wa kawaida wa chumba, na mkiwasha feni ndiyo hamtaisikia kabisa.

Lakini kuna jambo ambalo karatasi ya vipimo hailiandiki. Huenda sehemu kubwa ya kelele iliyokusumbua haikutoka kwenye diski ya kaka yako bali kwenye meza yako. Mtikisiko wa mota hupita kwenye vikanyagio vya diski, ukaingia kwenye ubao, na meza nyepesi ya mbao au ya chipubodi, hasa yenye droo tupu chini yake, hugeuka kuwa ngoma inayoukuza mtikisiko huo. Ni rahisi kulihakiki: diski ikiwa inafanya kazi, weka kiganja juu ya ubao karibu nayo na ukandamize. Mvumo ukipungua au ukibadilika, basi unaosikia ni ubao. Dawa yake ni vipande vinne vya raba laini, hata vilivyokatwa kwenye kandambili iliyochakaa, vikiwekwa chini ya pembe za diski ili isigusane na meza moja kwa moja, huku hewa ikiendelea kupita chini yake. Usiifunike kwa kitambaa ili kuizima sauti. Diski nyingi za mkononi zimepangiwa kufanya kazi katika joto la chumba lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi, na kwa Tanga ya mwezi wa Februari huna nyuzi nyingi za kuchezea.

Hata diski iliyo kimya kabisa utaisikia mara moja moja, na ni vizuri uzifahamu sauti zake. Mlio mfupi wa "tik" diski inapoachwa bila kazi ni vichwa vinavyorudi mahali pake pa kupumzikia, na hauna shida. Mkwaruzo mwepesi wakati wa kunakili maelfu ya picha ndogo nao ni wa kawaida, kwa kuwa vichwa vinaruka sana. Ukisikia mgoto unaojirudia kwa mapigo sawa, huku kompyuta ikichelewa kuitambua diski au ikiipoteza kila mara, usiendelee kuandika chochote. Anza na sababu iliyo nafuu, yaani upungufu wa umeme: achana na kebo ndefu na kigawanyio cha USB, tumia kebo fupi iliyokuja na diski, na uichomeke moja kwa moja kwenye mpakato. Tundu la USB 2.0 limekusudiwa kutoa miliampea 500, la USB 3.0 miliampea 900, na diski inapoanza kuzunguka huhitaji umeme mwingi kuliko wakati mwingine wowote. Mgoto ukiendelea hata baada ya hapo, diski ni mgonjwa, na kazi inayobaki ni kuokoa yaliyomo.

Kwa diski ya nakala, utulivu mkubwa kuliko wote hupatikana kwa kuichomoa, na hapo kelele na usalama vinakutana. Diski hii si ya kukaa imechomekwa usiku na mchana. Unaichomeka mara moja kwa wiki, labda Jumamosi mchana watoto wakiwa nje, unanakili, unaiondoa kwa kufuata utaratibu wa Windows wa kuondoa kifaa kwa usalama, kisha unaiweka kabatini. Usiku haipo mezani, kwa hiyo haivumi. Virusi vinavyofunga faili na kudai fidia, kama vile WannaCry iliyozikumba kompyuta za nchi nyingi mnamo Mei 2017, hufunga pia kila diski vinayoikuta imeunganishwa. Ile iliyo kabatini havina njia ya kuifikia. Kwa sababu hiyo sikushauri ulipe shilingi ya ziada kwa ajili ya diski inayotangazwa kuwa ni ya ukimya maalumu. Diski yoyote nzuri ya inchi 2.5, ikitumiwa kwa namna hii, itakutosha.

Sasa umeme. Diski ya mezani haiendeshwi na USB, bali hutegemea adapta yake ya volti 12 inayochomekwa ukutani. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mpakato wako utaendelea kwa betri, lakini diski itazima papo hapo, na faili iliyokuwa ikiandikwa, au mbaya zaidi orodha ya ndani inayoeleza kila faili iko wapi, inaweza kubaki nusu nusu. Diski ndogo hupata volti 5 kutoka kwenye mpakato, kwa hiyo betri ya mpakato ndiyo inayoilinda, na umeme wa ukutani ukikatika hata mara tatu kwa jioni moja haitajua. Kwa nyumba isiyo na UPS, yaani betri ya akiba inayoshika umeme unapokatika, naiona hii kuwa sababu nzito zaidi hata kuliko kelele. Ile ya mezani ningemshauri mtu mwenye terabaiti 8 au 10 za kazi za video, mwenye chumba cha kazi kilicho mbali na pa kulala na umeme uliotulizwa.

Kuhusu ile SSD ya terabaiti 16, nasema bila kusita kwamba ni ya kughushi. SSD halisi ya terabaiti 1 tu kutoka kiwanda kinachofahamika huuzwa ghali kwa kila gigabaiti kuliko diski ya kuzunguka, basi haiwezekani mara 16 ya ukubwa huo iuzwe kwa bei ya chini kuliko zote. Ukikifungua kifaa cha aina hii, unakuta kasha la chuma chembamba au plastiki, kibao kidogo cha saketi chenye tundu la USB, na memori kadi moja au mbili za simu zilizobandikwa kwa gundi ya moto. Programu iliyo ndani ya kibao imebadilishwa ili iidanganye kompyuta kwamba kuna terabaiti 16. Siku za mwanzo kila kitu huonekana sawa, kwa sababu bado hujafika mwisho wa nafasi halisi. Ukishaupita, data mpya huandikwa juu ya ile ya zamani au hutupwa, huku majina ya faili yakiendelea kuonekana kwenye folda kana kwamba yote yamo. Mzazi hugundua miezi kadhaa baadaye, anapofungua picha ya siku ya kuzaliwa akaambiwa faili haisomeki, na kwenye simu alikwisha kuifuta ili kupata nafasi. Udanganyifu huu unaniuma kuliko mwingine wowote katika vifaa vya kompyuta, kwa kuwa unampata mtu aliyekuwa akijitahidi kufanya jambo sahihi.

Hata SSD halisi, ambayo haina kitu kinachozunguka na kwa hiyo haina mlio wowote, si chaguo langu la kwanza kwa kazi yako. Mbali na bei, SSD huhifadhi data kwa chaji za umeme ambazo hupungua taratibu ikiwa imewekwa bila kuunganishwa, na joto huharakisha upungufu huo. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya chipu, kwa SSD za watumiaji wa kawaida kinadai kwamba ile iliyokwisha kufikia mwisho wa uhai wake wa kuandikwa iweze kutunza data kwa mwaka 1 bila umeme katika nyuzi 30. SSD mpya huvumilia zaidi ya hapo, lakini diski inayokaa kabatini kwenye mji wa pwani, ikitolewa mara chache, ni kazi inayoiafiki zaidi diski ya kuzunguka, inayoandika kwa sumaku. SSD ni bora ndani ya mpakato wenyewe, au kwa mtu anayesafiri nayo kwenye bodaboda na daladala, kwani diski ya kuzunguka ikidondoka au ikitikiswa sana huku inafanya kazi vichwa vinaweza kukwaruza sahani.

Turudi kwenye hiyo ndogo. Windows itakuonesha ukubwa wa 1.81 badala ya 2, na hujapunjwa: kiwanda huhesabu kwa elfu elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Kwa gigabaiti zako 700 utabaki na zaidi ya nusu ya nafasi, na ndicho kipimo ninachopendelea, yaani diski iwe angalau maradufu ya ulichonacho leo.

Nakala ya kwanza itachukua muda. Diski ya namna hii ikiandika kwa megabaiti 100 kwa sekunde, gigabaiti 700 huhitaji karibu saa 2, lakini picha nyingi ndogo huipunguza kasi, na ukiichomeka kwenye tundu la USB 2.0, ambalo kwa vitendo hupitisha megabaiti 35 hivi kwa sekunde, zitakuwa saa 5 na nusu. Tafuta kwenye mpakato tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina plastiki ya buluu ndani. Tena, usishtuke ukiona kasi ikianza vizuri kisha ikaporomoka. Diski nyingi ndogo za terabaiti 1 na kuendelea hutumia uandishi unaoitwa SMR, ambamo mistari ya data hupandiana ili iingie mingi zaidi kwenye sahani moja, na kwa hiyo kubadilisha mstari mmoja hulazimu kuandika upya na ile ya jirani. Mwanzoni diski hupokea data katika eneo la akiba lenye kasi, na eneo hilo likijaa mwendo hushuka. Mwaka 2020 ilibainika kwamba watengenezaji wote watatu wakubwa waliosalia, yaani Seagate, Western Digital na Toshiba, walikuwa wameuza baadhi ya diski za aina hii bila kuitaja kwenye vipimo, na malalamiko yalikuwa makubwa kwa waliozitumia ndani ya mashine za hifadhi zinazoandika muda wote. Kwa nakala ya mara moja kwa wiki, SMR haina madhara zaidi ya kukuongezea subira siku ya kwanza.

Katika majina hayo matatu, Seagate Expansion, WD Elements na Toshiba Canvio Basics ni za daraja moja, na kwa kelele hutaweza kuzitofautisha ukiwa kitandani. Tofauti moja naona inafaa uijue: katika diski nyingi ndogo za WD, tundu la USB limeunganishwa kwenye saketi ya diski yenyewe, ilhali nyingi za Seagate ni diski ya kawaida yenye kibao kidogo cha USB kilichochomekwa. Tundu likivunjika, hiyo ya pili fundi huihamishia kwenye kasha jingine kwa dakika chache. Ya kwanza huwa kazi ngumu na ya gharama. Tundu hilo pana na bapa ndilo sehemu dhaifu kuliko zote, kwa hiyo shika kichwa cha kebo unapochomoa, usivute waya.

Dukani, dai boksi ambalo halijafunguliwa, risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa, ukielewa kwamba waranti hukurudishia diski na si picha. Kuna diski kuukuu za mpakato zinazotiwa kwenye kasha jipya na kuuzwa kama mpya, na huo ndio mtego wa kawaida zaidi kwa anayetafuta unafuu. Nenda na mpakato wako ukiwa na programu ya bure ya CrystalDiskInfo, omba diski ichomekwe mbele yako, na usome mambo mawili: saa ambazo diski imewashwa, na idadi ya sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizohamishwa kwa kuharibika au zinazosubiri kuhamishwa. Diski mpya huwa na saa sifuri au chache mno. Ukiona 8,760, hiyo imefanya kazi mwaka mzima bila kuzimwa, na ikiwa programu inaonesha rangi ya njano iache hapo hapo. Ukifika nyumbani, kabla hujaweka chochote, iendeshee H2testw, programu ya jarida la Kijerumani c't inayoijaza diski yote na kuisoma upya. Kwa terabaiti 2 itachukua nusu siku au zaidi, basi ianzishe asubuhi, mpakato ukiwa kwenye chaja.

Fedha ikibaki, au ukiweza kungoja mwezi mwingine, nunua diski ya pili kabla ya kufikiria kubwa zaidi au yenye kasi zaidi. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo tangu 2013 imekuwa ikichapisha takwimu za maelfu ya diski zake, huona kwa kawaida kati ya diski 1 na 2 katika kila 100 zikifa kwa mwaka, na hizo ziko kwenye kumbi zenye ubaridi na umeme wa uhakika. Diski ya pili inaweza kuwa ya terabaiti 1, ambayo Windows itaionesha kuwa gigabaiti 931 na kwa sasa inakutosha. Mpelekee mama au ndugu unayemwamini aishiye mtaa mwingine, na muibadilishane kila baada ya miezi michache, maana mwizi au moto hauchagui mpakato ukaacha diski iliyo droo ya chini yake. Kanuni ya 3-2-1 aliyoieneza mpiga picha Mmarekani Peter Krogh inataka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Ukiwa na mpakato na diski mbili umeshakaribia, na vyeti, ambavyo ni vyepesi, unaweza kuvipandisha pia kwenye hifadhi ya mtandaoni ya bure. Kila diski iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kwa sababu hewa ya bahari hula viunganishi vya chuma.

Diski ifomati kwa NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, maadamu unatumia Windows pekee. ExFAT, mpangilio unaotumika kwenye Windows na Mac, chukua ikiwa kuna Mac nyumbani, ukijua kwamba haivumilii kuchomolewa ghafla kama NTFS inavyovumilia. Kwa nakala zenyewe, File History iliyomo ndani ya Windows inatosha. Nyaraka zenye namba za vitambulisho na za benki zitie kwenye faili iliyofungwa kwa nywila kupitia VeraCrypt, ambayo ni ya bure, na nywila iandike kwenye karatasi inayokaa pamoja na vyeti halisi. Picha za watoto ningeziacha wazi, ili hata asiye fundi aweze kuzifungua siku wewe haupo karibu. Picha za simuni zihamishie kwenye mpakato kwa kebo. Usizipitishe WhatsApp kama picha za kawaida, kwa kuwa huzipunguza ubora na utakuwa umehifadhi nakala hafifu. Na kabla hujafuta chochote kwenye simu, chomeka diski kwenye kompyuta nyingine, ya shuleni au ya jirani, ufungue picha na video chache za miaka tofauti hadi mwisho.